Bastola Kavu, Kanzu Safi

Jumamosi, mlangoni mwa ukumbi wa harusi Lubaga, Kampala, mlinzi alimzuia bwana mmoja aliyevaa kanzu nyeupe na koti, akapapasa koti na kugusa bastola. "Mzee, toa risasi kwanza."

Bwana akachomoa kibastola kipya, akavuta chuma cha juu. Kikagoma. Akavuta tena, jasho likimtoka, na sisi tuliokuwa nyuma yake tukainama.

"Uliweka mafuta?" mlinzi akauliza. "Hizi ndogo vyuma yake inabana sana, bila mafuta inakwama. Bunduki yangu imelegea, inalia kama sufuria, lakini inapiga."

"Mafuta? Si itachafua kanzu!"

Kibastola kikabaki mlangoni, kanzu ikaingia bila doa.

Wezi wa Kampala, nawaomba uungwana: mkimkuta mzee huyu na kanzu, msubirini kwanza akabadilishe nguo.