Mpima Maji wa Mgodi

Mpima maji wa mgodi ana sauti laini na mikono isiyo na kovu. Kila akija huwasalimu kina mama wanaofua mtoni huku watoto wao wakioga, hupanda kando ya mto hadi kupita pale bomba la mgodi linapomwaga maji, huchota chupa yake na kusema, "Maji salama kabisa, mama zangu." Chini ya bomba, wanakofulia, mawe yameshika rangi ya kutu. Dobi mmoja, ambaye vidole vyake vimebabuka, humtazama kwa jicho la pembeni. Leo uzalendo ukamshinda.

"Mwanangu, hebu chota hapa tunapochota sisi."

Mpima akacheka, akashuka. Kabla ya kuinama akatoa glavu mfukoni, akazivaa zote mbili.

Dobi akawageukia wenzake. "Toeni watoto majini."