Uso wa Nyangeta na Ng'ombe wa Mahari

Siku yangu ya kwanza kazini, Mkuu wa Chuo aliniuliza kama ninaweza kufundisha ushonaji. Nilikuwa nimepangiwa chuo kidogo pale Nyakato, Musoma, nifundishe uchambuzi wa filamu, na yeye somo hilo hakuwahi kulisikia. Akavua miwani, akaniangalia vizuri.

"Mwalimu, sinema inaangaliwaga tu. Ukishaichambua unapata nini?"

Nilimjibu mpaka chai yake ikapoa. Nikamweleza nadharia ya uhalisia, inayosema kamera iwe dirisha, iyaonyeshe maisha kama yalivyo. Nikamweleza na montaji, inayobisha kwamba maana haikai ndani ya picha moja, inazaliwa pale picha mbili zinapounganishwa. Sikuwa na breki, na hadi leo sina. Mwishowe akanipa darasa la kule mwisho, lile linalovuja, na haikupita muda akawa anakuja mwenyewe kukaa nyuma.

Vijana, raha ya darasa lile we acha tu. Tulikuwa tunaziba madirisha kwa mablanketi, tunawasha projekta, kisha katikati ya utamu nasimamisha filamu. Kamera iko wapi? Ikiwekwa chini inamkuza mtu, ikiwekwa juu inamdogosha. Nani anatazama, na nani anatazamwa tu? Hilo la mwisho linaitwa nadharia ya mtazamo, na ndilo nililolipenda kuliko yote. Wanafunzi wangu waliotoka mtaa wa Makoko walikuwa wakirudi nyumbani hawaangalii tamthilia kwa amani tena. Mama zao walinilalamikia kwamba nimewaharibia jioni zao, nikacheka sana.

Baadaye nikahamishiwa Bunda, ofisi ya utamaduni. Bosi wangu, Afisa Utamaduni, alikuwa mama mpole asiyependa maneno mengi.

"Huku watu wana pamba na ng'ombe," aliniambia. "Hizo nadharia utamfundisha nani?"

"Wapiga video za harusi," nikasema. "Ndiyo sinema ambayo kila nyumba hapa inayo."

Akafikiri kidogo, akanipa ukumbi. Wakaja vijana wenye kamera zao, na aliyewapita wote alikuwa Masatu. Nilipofundisha montaji, yule kijana hakulala. Alikuwa anaunganisha shoti usiku kucha. Shoti ni kile kipande cha picha tangu kamera inapowashwa hadi inapozimwa. Niliringa naye mji mzima.

Basi, siku moja Masatu akaingia ofisini kwangu anatweta, bodaboda bado inaunguruma nje.

"Mwalimu, nimevunja ndoa ya watu."

Alikuwa amerekodi siku ya mahari ya binti mmoja wa Bunda, Nyangeta. Ng'ombe waliletwa na ukoo wa mchumba wake, Daudi, kutoka Butiama. Video ikatumwa Butiama kwenye flashi, familia ikakusanyika kuiangalia. Ikafika shoti ya uso wa Nyangeta, midomo ameibana, macho ameyafinya. Mara shoti inayofuata ni ng'ombe wanaingia zizini. Baba yake Daudi, Mzee Wambura, akasimama. Akasema binti amewadharau ng'ombe wake, amewaona wamekonda. Akatuma neno Bunda kwamba harusi ya kanisani haipo na ng'ombe warudishwe.

"Uso ule uliurekodi alipokuwa anaangalia ng'ombe?" nikamuuliza.

"Hapana. Ng'ombe walikuwa wameshaingia zamani. Niliunganisha ili kuwe na maana."

Maana aliipata kweli. Nilimwonea huruma yule binti ambaye sijamwona hata mara moja, maana Masatu alisema tangu jana hajala, analia tu chumbani. Lakini niseme ukweli, moyo ulikuwa unanidunda kwa furaha pia. Miaka yote nimewaambia watu montaji ina nguvu, na leo imesimamisha harusi. Nikamwambia Masatu afungue kompyuta yake, tukafanya kazi, kesho yake tukaenda Butiama.

Mzee Wambura alitupokea kwa adabu, bila tabasamu. Sebuleni walikaa wazee, shangazi zake Daudi, na Daudi mwenyewe kajiinamia pembeni. Nikawasha televisheni yao. Ukatokea uso wa Nyangeta, halafu sufuria ya samaki inachemka.

"Huyo ana njaa," shangazi mmoja akasema.

Ukatokea uso, halafu bibi kizee anacheza.

"Hapo anampenda bibi yake," akasema mwingine. "Muone macho."

Ukatokea uso, halafu ng'ombe. Wote wakamgeukia Mzee Wambura.

"Wazee wangu," nikasema, "uso ni ule ule. Hatukubadilisha hata unywele."

"Rudisha," Mzee Wambura akaamuru. Tukarudisha. Akasogeza kiti mpaka karibu aguse kioo. "Rudisha tena." Nilikuwa nimesimama nyuma yake kama mtahiniwa. Mwishowe akageuka.

"Sawa, mwalimu. Umenionyesha ambacho hakuangalia. Sasa niambie, alikuwa anaangalia nini?"

Nadharia zangu zote, na hakuna hata moja iliyokuwa na jibu hilo. Shoti inaishia kwenye ukingo wa fremu, ule mpaka wa picha, na cha nje ya fremu anakijua aliyekuwepo. Nikasema, "Mzee, hilo tumuulize mwenye uso."

Mchumba hafiki kwa wakwe kabla ya harusi, kwa hiyo Daudi akampigia Nyangeta simu, akaweka sauti ya juu. Nikajitambulisha, nikamuuliza. Tukamsikia anapenga kamasi.

"Nilikuwa namwangalia Daudi," akasema. "Alikuwa amevaa viatu vinambana, anatembea kama anakanyaga makaa. Nilikuwa najizuia nisicheke mbele ya wakubwa. Shikamoo, baba. Naomba unisamehe."

Daudi akafunika uso. Mzee Wambura akamtazama mwanawe, akatazama miguu yake.

"Marahaba, binti yangu," akaiambia simu. "Hivyo viatu ni vyangu. Hata mimi vinanibanaga."

Sebule nzima ikaangua kicheko, na mimi nikalia mbele za watu bila aibu. Harusi ilifungwa, Masatu akairekodi, na safari hii kila uso alimuuliza mwenyewe kabla ya kuuunganisha.

Sasa nimestaafu, niko Mwisenge, kule kule Musoma. Vijana wananijia na simu zao, wanataka nadharia. Nawapa zote, maana ni vyombo vizuri na bado zinanisisimua kama siku ile Nyakato. Zitakuonyesha picha inavyokufanya uamini. Lakini kama mwenye uso yupo hai, muulize.

Kwenye video ya sherehe ya kuniaga kuna shoti ya uso wangu, midomo imebanwa, machozi yananitoka. Inafuata shoti ya mlango wa ofisi. Kila aliyeiona alinipa pole, akasema kuacha kazi kunauma. Nyangeta peke yake ndiye aliyenipigia simu.

"Mwalimu, ulikuwa unaangalia nini?"

"Baba mkwe wako," nikamwambia. "Alikuja na vile viatu."