Harufu ya Mkate kwenye Mashine ya Kusaga

Uvumilivu wangu uliisha siku binti yangu aliporudi kutoka chekechea, hapa Bunia, akirukaruka: "Mama, ku masomo kunanukia mukate!" Pale hakuna anayeoka mkate. Kuna mashine ya kusaga tu, nyuma ya ukuta wa mbao ambao watoto wanauegemea wakiimba. Nilienda moja kwa moja, mikono bado ina povu la sabuni. Mwenye mashine akanicheka mbele ya foleni yote: "Weye mama, harufu ya mukate ndiyo inakuogopesha? Moteri iko bien, iko muzuri, inazunguka!" Watu wakacheka naye. Nilimtukana. Nilichosema sikiandiki hapa, lakini sikijutii.

Harufu ile naijua tangu utotoni, kijijini Marabo. Baba yangu aliendesha mashine ya kusaga ya tajiri mmoja, yenye moteri kubwa, injini ya mazutu, yaani dizeli, inayopozwa kwa upepo wa feni. Nilikuwa nashinda pale, unga umenikalia mpaka kwenye kope, sakafu ikitetemeka chini ya nyayo. Siku moja Baba alinimwagia kiganjani mafuta ya moteri yaliyokuwa baridi, mazito kama asali. Akanieleza kwamba yanalainisha vyuma, kisha yanabeba joto la vyuma hivyo na kulipeleka kwenye radiateri ndogo yenye mapezi membamba ya bati. Hapo feni inayapuliza, yanapoa, yanarudi ndani kuanza tena. "Yakikosa kupoa yanakuwa kama maji, Mama," alisema. Aliniita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake. "Chuma inabakia uchi, inakula chuma ingine." Basi kila adhuhuri alizima moteri, akaiacha ipoe, akachokonoa unga katikati ya mapezi kwa njiti za ufagio. Unga ukishika mafuta yanayovuja unakuwa donge, na donge likiziba mapezi, upepo haupiti.

Msimu ule wa mavuno watu wengi walikuwa wamekimbilia Marabo kutoka vitani Djugu, na foleni ya mabeseni haikuisha. Tajiri akakataza kuzima adhuhuri. "Watu wako na njaa, weye unataka kupiga ufagio?" Haikuchukua muda, donge likaanza kuiva juu ya radiateri. Kulinukia mkate, mkate mtamu kabisa. Sisi watoto tulijipanga pale tukivuta pumzi, na akina mama wakatutania: "Kuleni basi, mushibe bure!" Baba hakucheka. Alizungukazunguka moteri ile kama mtu anayemwangalia mbwa asiyemwamini. Kisha ikaanza kugonga ndani, kwanza taratibu, kama mgeni anayebisha mlangoni, halafu kwa nguvu. Baba alinisukuma nje, akarudi kuizima. Hakuiwahi. Chuma cha ndani kilikatika kikatoboa ubavu wa moteri, na mafuta ya moto yakamrukia usoni.

Leo Baba anaishi kwangu, haoni. Tajiri alileta moteri nyingine kabla vidonda havijakauka, na sisi tukaambiwa ni bahati mbaya, tukanyamaza, maana nyumbani hakuna aliyejua kwamba jambo kama hilo linashitakiwa. Mimi nimesoma mpaka sekondari, na mdomo ninao. Siku ile ya kuchekwa nilitoka pale kwenye mashine nikaenda ofisini kwa chefu wa kartye, mkuu wa mtaa wetu. Akanisikiliza, akauliza: "Kuna mutu alisha kuumia?"

"Bado, Papa chefu."

"Sasa unashitaki nini?"

Nikaomba karatasi, nikaandika mbele ya macho yake: "Nashitaki mashine ya kusaga iliyo nyuma ya chekechea. Radiateri yake ya mafuta imezibwa na unga, na moteri inaungua. Naomba izimwe leo, isafishwe, kisha ihamishwe mbali na ukuta wa watoto. Naandika kabla ya mtu kuumia, ili akiumia asiwepo wa kusema hakujua."