Mume Kahamia Kenya, Talaka Niidai Wapi?

Bwana Mhariri, wape wasomaji habari zangu lakini jina langu ulifiche, maana huku mlimani tunajuana sote.

Mimi ni Mmeru, mwanamke wa miaka thelathini, nimefunga ndoa kanisani na sikujaliwa mtoto. Mume wangu alikwenda Nairobi kufanya kazi ya useremala. Mwaka wa pili barua zikakoma. Mwaka wa nne dereva wa lori, mtu wa kwetu, akanieleza kwamba mume wangu amejenga huko, ana mke na watoto wawili, na amesema harudi tena. Tangu siku ile napika ndizi za mtu mmoja, na hata hizo zinabaki. Upweke unaniumiza, Mhariri, sioni haya kusema.

Waliosema hasira hasara walinijua. Nilimwendea shemeji yangu, nikamwambia mbele ya wazee wa ukoo, "Kihamba cha ndugu yako hiki, migomba na kahawa yake, chukua. Mimi narudi kwa baba yangu." Kwa desturi yetu mtu akihama moja kwa moja, shamba lake hushikwa na ndugu, basi wazee wakakubali. Nikajiona nimemaliza.

Nikaenda barazani kwa Mangi, mtawala wetu, kudai talaka. Wakasema ndoa ya kanisani si yao, niende bomani. Karani wa boma akaniuliza, "Mumeo ana nyumba hapa? Ana shamba?" Nikajibu kwa majivuno kwamba hana hata mgomba mmoja.

Akaweka kalamu chini. "Mama, kwa sheria makao ya mke ni pale yalipo makao ya mumewe. Kama yeye sasa ni mtu wa Kenya, korti ya Tanganyika haiwezi kuivunja ndoa yenu. Kihamba kingekuwa bado chake, tungesema ana nia ya kurudi, na kesi ingesikilizwa hapa."

Nairobi simjui mtu, na mpaka sijauvuka hata siku moja.

Shemeji yangu ni mwema. Ameniambia, "Shemeji, kihamba nitakirudisha kiwe cha ndugu yangu tena. Ila wazee wanataka ukae humo mwenyewe, kama mke anayemngoja mumewe, mpaka kesi iishe." Karani anasema kesi huchukua miaka.

Basi ili niachane na mtu huyu, kwanza nirudi nyumbani kwake nikaape kwamba atarudi. Uongo huo naweza kuusema. Ninachoogopa ni kwamba nikikaa humo peke yangu, nitaanza kumngoja kweli.

Wenzangu mnaosoma, nishaurini, nifanyeje?