Bastola Isiyotoka Nyumbani

Kwenye kaunta ya polisi, Saint-Josse, ughaibuni, mzee mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliweka mezani kibali cha bastola. Karani naye alikuwa Mkongo.

"Naweza ivaa chini ya koti, ku kanisa?"

"Hapana, papa."

"Na ku soko?"

"Hapana. Ku klabu ya shabaha tu, ndani ya sanduku ya kufunga, bila risasi. Siku zingine inabakia ku nyumba."

"Donc, basi, inabakia ndani, mulango ya kufunga, na hakuna muntu anaiona."

"Ndiyo, papa."

Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja. "Bon, sawa. Kama miye."

Bastola imekatazwa na sheria kutoka nyumbani. Yeye hakukatazwa, hana tu wa kumwalika. Nami niliyesikia yote niliendelea kushika namba yangu ya foleni.