Masizi kwenye Gari la Baba

Masizi ya dizeli si vumbi. Nasema hivi kwa ukali kwa sababu nimechoka kuona watu wanabeba ndoo, wanamwaga maji shaa, halafu wanaanza kusugua. Masizi yana mafuta ndani yake. Ukiyamwagia maji matupu yanatandaa, na ukiyasugua makavu yanakwangua rangi. Baba alinifundisha hayo uani kwetu Pangani, hapa Kibaha, na mpaka leo nikiona gari jeupe lina weusi nyuma, mkono unaniwasha.

Baba alikuwa na pikapu nyeupe ya dizeli, ya zamani, injini imechoka. Alibebea mihogo na mananasi ya wakulima kutoka Kisarawe, lakini mtaani hawakuijua kwa mihogo. Waliijua kwa misiba. Akifa mtu, kabla hata turubai halijafungwa, mjumbe alikuwa ameshafika kwetu: shikamoo mzee, tunaomba gari. Baba aliuliza maziko ni saa ngapi, kisha akaingia ndani kuchukua matambara yake.

Ekzosi ya pikapu ile ilitokea nyuma, chini ya mlango wa bodi, upande wa kulia. Safari moja tu ya Kisarawe ilitosha kuugeuza mlango ule ukawa kama kitako cha chungu. Na jeneza hupita hapo hapo. Wanaume wanaolipokea huuegemea mlango kwa vifua, nao wamevaa kanzu nyeupe. Mara ya kwanza baba kuazimwa gari, watu walirudi kutoka makaburini na vifua vyeusi, na mfiwa mwenyewe, aliyekuwa amemzika mwanawe, alipewa mkono wa pole siku nzima akiwa na doa kubwa mbele. Hakuna aliyemlaumu baba. Alijilaumu mwenyewe, ikatosha. Tangu hapo akaweka sharti kwamba gari lake halibebi maiti likiwa na masizi.

Alianza na tambara laini, kavu, akipangusa bila kukandamiza, kama unavyompangusa jasho mtoto aliyelala. Kisha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, ambayo aliipaka kabla ya maji na kuiacha ikae iyale mafuta. Maji yalikuja baadaye, kutoka juu kwenda chini, na tambara la chini lilikuwa marufuku kupanda juu. Palipogoma alipagusa kwa mafuta ya taa kidogo, akarudishia sabuni upesi. Mwisho alipaka nta, maana masizi yakikuta nta hayana pa kushika. Lakini dawa yenyewe, alikuwa akisema, iko kwenye injini. Safisha chujio la hewa, peleka nozeli inayopulizia dizeli kwa fundi, usikanyage mafuta kama unafukuzwa. Hata mdomo wa ekzosi alimwambia fundi aukunje utazame kando.

"Nyie mnasugua gari kuliko mnavyosugua visigino vyenu," mama alitutania.

Mama alikuwa mtu wa Kibuta, kule Kisarawe, mwanamke wa shamba na jiko, na kwake yeye masizi ni masizi. Siku moja alfajiri baba alikuwa msikitini na kuna msiba unasubiri gari. Mama akaona amsaidie mumewe. Akachota majivu mekoni, akachukua makumbi ya nazi, akaupiga ule mlango kama anavyopiga sufuria ya pilau baada ya shughuli. Baba aliporudi, masizi hayapo, na rangi haipo vilevile. Jirani na ekzosi palikwanguka, pana kama sahani, pakakauka kama chaki.

"Mke wangu, hii si sufuria."

"Sasa mbona ina masizi?" mama akajibu. "Ungeniambia mapema kwamba ina ngozi."

Baba alicheka mpaka akaketi kwenye ndoo. Maji yakimwagika hayazoleki. Kuanzia siku hiyo masizi yalizama pale na hayakutoka tena, si kwa sabuni wala kwa mafuta ya taa. Mafundi walimshauri apapige rangi, naye kila mara alijibu kwamba atapapiga wiki ijayo. Nyumbani tulipaita "pale kwa mama". Mama alipofariki akazikwa kwao Kibuta kama alivyousia, na gari lililompeleka lilikuwa hilo hilo. Baba aliliosha peke yake. Alipofika pale, akapaacha.

Halafu baba naye akaanza kuumwa, na ugonjwa ukamkalisha kitandani miezi mingi. Kaka yangu ndiye aliyeshika gari. Simsemi vibaya, alikuwa anahangaikia dawa na watoto wake, lakini nozeli hakuipeleka kwa fundi na chujio hakuligusa. Gari likitoka uani, moshi ulibaki nyuma kama mtu ameunguza maharage. Baba alikuwa akilisikia kutoka dirishani.

"Linakohoa kuliko mimi," aliniambia asubuhi moja, nikimlisha uji. Akasogeza kijiko kando, akasema, "Nikienda, nipelekeni kwa mama yenu. Ila lisinibebe hivi."

Nilimwambia aache maneno hayo, anywe uji. Ndivyo tunavyowajibu wagonjwa, tukidhani tunawafariji.

Aliondoka siku ya Jumanne, jua limeshapanda. Kazi ya Mungu haina makosa, watu waliniambia, na mimi niliitikia. Turubai likafungwa. Ikapangwa kwamba maziko ni Kibuta, baada ya swala ya alasiri. Nilitoka uani nikaliona gari. Mlango wa nyuma ulikuwa mweusi tii, weusi wa miezi yote ile, umeshikana na vumbi la Barabara ya Morogoro. Nikaenda kuchukua matambara.

Kaka alinifuata. "Acha. Tutapitia pale barabarani wanapoosha magari. Wana mpira wa presha, mara moja tu."

"Presha itayatandaza. Na wewe utamweka baba foleni, amelala kwenye jeneza, anasubiri kuoshewa gari?"

"Dada, leo si siku ya ubishi. Kaa na wanawake wenzako."

Nilikasirika. Niseme ukweli, nilimchukia saa ile. Kwetu wanawake hatuendi makaburini, na sikuwa nimeomba kwenda. Wanaume ndio wangemwosha, wangemvika sanda, wangemswalia, wangemshusha. Mimi niliyemgeuza kitandani miezi yote ile nisingepata hata konzi ya udongo ya kumtupia. Kilichobaki kwangu ni mlango wa gari, na huo nao napokonywa.

Baba mdogo alikuwa kizingitini, ameshika karafuu maiti mkononi. "Mwache binti aoshe," alimwambia kaka. "Mzee mwenyewe bado hajaoshwa."

Basi tukaosha pamoja, wao ndani, mimi nje. Chumba cha baba kiliungana na ua, nikawa nasikia maji yakimwagwa taratibu upande wa pili wa ukuta, na mtu akielekeza kwa sauti ndogo, kulia kwanza, kisha kushoto. Nilipangusa kavu. Nikapaka sabuni, nikaiacha ikae. Nilikuwa nalia, pua inatiririka, sikuwa na mkono safi wa kujifuta. Jirani yetu Mnyamwezi, mtani wetu, alipita akasimama, akasema kwa sauti ili waombolezaji wasikie, "Kusugua kote huko kwa ajili ya mzee huyu? Alivyotuvutisha moshi, mngembeba kwa toroli." Watu wakacheka kidogo, na mimi nikacheka na makamasi yangu. Mtani ana ruhusa yake.

Maji yalipokwisha kumwagika ndani, nami nilikuwa nimefika kwenye nta. Mlango ukawa mweupe, isipokuwa pale kwa mama. Nilijaribu sabuni mara ya pili, nikajaribu mafuta ya taa. Weusi ukang'ang'ania. Nilisikia takbira ndani, jeneza linanyanyuliwa, na kidole changu bado kiko pale. Kaka akaja akaona. Baba alipoingizwa garini, kaka akakaa nyuma ya usukani, akawasha, akaondoka polepole mno, bila kukanyaga mafuta, na moshi uliotoka ulikuwa mwembamba.

Tulibaki na vilio na masufuria. Nilipika, nikapakua, lakini akili yangu ilikuwa kwenye vifua vya watu. Waliporudi, giza halijaingia, nilisimama karibu na lango nikajifanya napokea wageni. Nilikagua kanzu moja moja. Pindo zilikuwa na udongo wa Kibuta, magoti yana udongo, lakini vifua vilikuwa vyeupe. Baba mdogo, mweupe. Mjomba wa Kibuta, mweupe. Majirani wote, weupe. Nikasema alhamdulillahi chini kwa chini.

Kaka aliingia wa mwisho. Kifuani, upande wa kulia, alikuwa na doa jeusi la ukubwa wa sahani.

Nilikodoa macho. Akaliangalia doa lake, akaniangalia mimi.

"Nilisimama pale kwa mama," alisema. "Tulipompakia na tulipomshusha. Asije akaegemea mtu mwingine."

Nilimshika mkono. Tangu asubuhi nilikuwa nimelia machozi ya hasira, sasa yakaja yale mengine. Tulisimama hivyo langoni, watu wakitupita kwenda kunawa mikono kwa ajili ya chakula.

Baadaye kidogo alivuta kanzu mbele akauliza, "Hili litatoka?"

Nilijua dawa yake. Masizi mabichi kwenye kitambaa, unapaka sabuni ya vyombo kabla ya maji, unaacha ikae, yanaachia. Nikalitazama lile doa lililotoka pale kwa mama, alipogusa mama kwa makumbi yake, alipopaacha baba, alipopitishiwa baba mchana huo akipelekwa kwa mkewe.

"Halitoki," nikamwambia. "Liache hivyo hivyo."