Mwili wa Udongo

Niliripoti Musoma kufundisha sanaa miaka ile ya foleni, wakati sabuni ilipokuwa ikigawiwa kwa vipande na wanafunzi wa bweni wakifulia majani ya mpapai. Nilikuwa kijana wa Bunda, mtoto wa fundi viatu. Chuoni nilikuwa nimefunzwa kuchora, kufinyanga na kuchonga kwa vifaa ambavyo stoo ya shule yangu mpya haikuwahi kuviona.

Kilichokuwapo ni bahasha ya picha. Mwalimu wa kigeni aliyenitangulia aliiacha aliporudi kwao: kadi kubwa za kazi mashuhuri za ulimwengu, michoro na sanamu, pembe zake zimekunjika. Nikazifanya mtaala wangu. Kila wiki nilibandika moja ubaoni. Tuliitazama kwanza bila kusema, kisha kila mmoja akaeleza anachokiona, halafu tukajaribu kuifanya upya kwa mikono yetu.

Wiki ya kwanza niliweka mchoro wa maua ya alizeti ndani ya chombo.

"Ticha, hizi si ndizo za kukamua mafuta?" mmoja akauliza.

"Ndizo."

"Na huyo aliyezichora akazikata azitazame tu?"

Darasa likacheka. Mafuta ya kupikia yalikuwa hayaonekani madukani. Lakini walizichora, kwa udongo wa njano tuliouchimba kando ya barabara ya Butiama, masizi ya jikoni na bluu ya kufulia, vikikorogwa katika gundi ya wanga wa muhogo. Karatasi zilikuwa mifuko ya saruji iliyopasuliwa. Sanamu ya mwanamume aliyeketi uchi akifikiri, kidevu juu ya mkono, walisema yuko kwenye foleni ya sukari na nguo zake kaziuza.

Muhula wa pili niliweka picha ya sanamu ya marumaru: mama ameketi, maiti ya mwanawe mtu mzima imelazwa mapajani pake. Shule ilikuwa na Wakristo wengi, wakaijua mara moja. Waliongea juu ya mikunjo ya nguo, na juu ya mama kuonekana mdogo kuliko mwanawe. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, mtoto wa wavuvi wa Bukima, hakuwa na kawaida ya kunyoosha mkono. Siku hiyo alinyoosha.

"Mama hawezi kukaa hivyo," alisema. "Maiti ni nzito. Atakaa chini."

Nikamwambia aifanye anavyoijua yeye.

Aliifanya kwa wiki nyingi, baada ya vipindi, katika banda tulilofinyangia. Mama yake wa udongo alikuwa mzee, ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele kama wanavyokaa wanawake msibani. Mapajani alilala kijana mwenye urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni, shingo imelegea. Wenzake ndio walionieleza: kaka yake alikuwa amezama ziwani mwaka uliotangulia, akivua sangara, na mwili haukupatikana.

Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizoziona pale. Kasoro yake ilikuwa moja. Aliijenga ikajaa udongo ndani, bila uwazi wowote, na udongo mnene hivyo ukiingia motoni hupasuka vipande. Nilimweleza kwamba kabla haijakauka lazima tuikate kwa waya, tuikombe ndani, kisha tuiunge tena kwa uji wa udongo.

"Tukate wapi, ticha?"

"Mama katikati. Na kijana naye, kifuani."

Akauweka chini waya niliompa. "Siwezi kumpasua kaka yangu."

Sikubishana naye. Tuliifunika kwa magunia yenye maji isikauke, na kila siku nilimuuliza, na kila siku alisema kesho. Mkuu wa shule alikuwa ameshaiona na kuitaka kwa maonyesho ya wageni wa mkoa.

Mama yake alikuja Jumamosi, na dagaa wa kumletea. Binti akamleta bandani. Nikamwamkia, akaitikia. Kisha akafunua magunia mwenyewe.

"Huyu nani?" akauliza.

"Ni wewe, mama," binti akasema.

"Na huyu?"

Mama akachuchumaa. Alipitisha kidole juu ya mkono wa yule kijana, polepole, mpaka kwenye kucha.

"Alikuwaga na vidole virefu," akasema. "Hivi umevipata. Masikio yalikuwaga madogo zaidi."

Binti akachukua kijiti na kuyapunguza masikio, mama akimwelekeza. Nilisimama mlangoni. Ulipita muda ndipo mama akanigeukia.

"Mwalimu, ziwa halikunirudishia kitu. Watu wa kanisa walikuja, tukaimba, wakatawanyika. Kila asubuhi nashuka mwaloni, mitumbwi inakofikia, kuangalia. Nipe huyu niende naye."

"Mama, udongo huu haujachomwa," nikamwambia. "Ukiuweka ardhini utarudi kuwa tope."

"Na wewe wakikuzika utakuwa nini?"

Mkuu wa shule, aliyekuwa akipita, aliposikia habari hiyo alisema sanamu ni mali ya shule na wageni wanakuja Alhamisi. Alisema bila ukali. Binti akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Ndiyo, mkuu," akaokota waya. Akaupitisha kati ya mapaja ya mama na mgongo wa kijana, akavuta. Kijana akaachia. Hakumkata popote.

Mkuu wa shule alitazama, akaondoka. Mama akamviringisha kijana katika khanga, akamfunga mgongoni, akaenda stendi kutafuta gari la Bukima.

Yule mama wa udongo tulimkata, tukamkomba, tukamuunga na kumchoma kwa kuni na samadi kavu. Alitoka na ufa mdogo begani. Kwenye maonyesho alikaa peke yake, mikono ameipanua juu ya mapaja matupu, na mkuu wa shule akambandikia kadi: "Mama wa Kitanzania akiomba mvua." Mgeni rasmi aliisifu. Nilimuuliza binti kama anataka kadi ile ibadilishwe.

"Acha tu, ticha. Na mvua nayo inahitajika."

Aliporudi kutoka likizo alinisimulia mazishi. Katekista alikataa kusoma sala juu ya udongo, ila alikuja akasimama na watu. Wanaume walichimba kaburi fupi nyuma ya nyumba. Wanawake walilia kama inavyoliliwa maiti, wengine wakianza kwa haya kisha wakisahau. Tangu siku hiyo mama hakushuka tena mwaloni asubuhi, isipokuwa kwenda kununua samaki.

Miaka michache baadaye somo la sanaa liliondolewa kwenye ratiba pale shuleni kwa kukosa vifaa. Biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye duka akataka jina lake ukutani, nami nikaacha ualimu nikawa mchora mabango, Bunda mpaka Musoma. Sikuona ajabu. Kazi ilikuwa ya rangi, na rangi sasa ilipatikana.

Nilikutana na yule binti mara moja tu, Butiama, nikiwa juu ya ngazi naandika herufi za duka la vipuri. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilishuka tukasalimiana. Nilimuuliza habari za mama.

"Mama alitutoka, ticha, mwaka jana."

Nikampa pole. Akasema walimzika nyuma ya nyumba, kando ya mwanawe, na kwamba yeye mwenyewe alisimama juu ya wachimbaji tangu jembe la kwanza, akiwaonyesha mpaka wa lile kaburi fupi wasiuvuke.

"Kulikuwa na vijana wageni," akasema. "Wasingejua kama pale kuna mtu."